Jirani wa Namba Kumi na Nane

Dobi alipiga chafya, na ukuta ukamwambia, "Afya."

"Asante," alijibu bila kufikiri. Kisha akabaki ameduwaa, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Chumba cha upande wa pili wa ukuta ule, namba kumi na nane, kilikuwa na kufuli lenye kutu mlangoni tangu siku aliyohamia.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi shuka za hospitali usiku kucha, kwa hiyo asubuhi yeye alipanda ngazi wenzake wakishuka. "Dobi, tulalie na sisi!" walimtania, wakapita mbio kuwahi kazini. Baada ya hapo jengo zima, ghorofa nne za vyumba vya bei nafuu, lilibaki tupu kama ndoo. Huo ndio ulikuwa usiku wake: jua kali dirishani, bomba likidondoka mahali fulani, na hakuna mtu. Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, kulikuwa na wiki alizozimaliza bila kutamka neno zaidi ya "shikamoo" na "naomba nipite".

Alimuuliza msimamizi wa jengo, mzee waliyemwita Kamanda kwa sababu ya kofia yake ya kijeshi.

"Kumi na nane? Mle mna makopo ya rangi na viti vibovu," Kamanda alisema. "Ufunguo wenyewe ulishapotea. Labda umesikia bomba."

"Bomba linasema 'afya'?"

Kamanda alicheka hadi akakohoa. Dobi naye akacheka, yakaisha.

Lakini kesho yake, alipokuwa akichemsha chai, sauti ilikuja tena, laini, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Umekula?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo kwa miaka miwili. Alisimama na kijiko mkononi. Angeweza kukimbia. Badala yake alisema, "Bado, jirani. Ndiyo naandaa."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Alisogeza kitanda hadi ukutani. Kila asubuhi alilala chali akisimulia: joto la mashine, madaktari wasiosalimu, jinsi mkewe alivyokuwa akimwimbia akiwa bafuni. Jirani alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote. "Ehe," alisema. "Ikawaje?" Dobi alihisi harufu ya nguo iliyolowekwa ikasahauliwa kwenye beseni, harufu ambayo mtu wa kazi yake angeijua hata usingizini, lakini alijiambia ni mikono yake mwenyewe.

Jirani alipenda zaidi habari za binti wa Dobi. Alikuwa mtoto wa pekee, ameolewa mji wa mbali, na kwa miaka miwili hakuwa amesema na baba yake.

"Ulikuwa ukimwitaje alipokuwa mdogo?"

"Kifungo. Alikuwa akiokota vifungo vya mashati pale nilipokuwa nafanya kazi."

"Kifungo," ukuta ulirudia polepole, kama anayeonja. "Na mligombania nini?"

"Alichelewa mazishi ya mama yake," Dobi alijibu. "Alikuja siku ya tatu. Nikamwambia arudi alikotoka." Hapo akanyamaza. Jirani alisubiri kwa muda mrefu, lakini Dobi aligeukia upande mwingine, akajifanya amelala.

Jumatano simu yake iliita. Alipoona jina la binti yake alikaa kitako.

"Baba, sijalala tangu jana," binti alisema, sauti imejaa machozi. "Asante kwa kunipigia. Sikujua kama ipo siku utaniomba msamaha. Tena kwa maneno yale."

"Jana?" Jana Dobi alikuwa amelala kutwa nzima.

"Uliniita Kifungo. Nimekubali, baba. Jumamosi nakuja na mjukuu wako. Na hicho chumba ulichotuandalia, namba kumi na nane, mtoto hatalia na kukusumbua?"

Dobi alitaka kusema, "Si mimi." Maneno yalifika kwenye meno. Lakini alisikia binti yake akicheka na kulia kwa pamoja, kicheko alichokuwa amekisahau, na akashindwa. "Karibuni," alisema. Alipokata simu, upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akitandika kitanda. Alisikia shuka ikikung'utwa, tap, tap, kisha kiganja kikilainisha mikunjo.

Usiku huo kazini alimvuta pembeni bibi mmoja aliyekuwa akikunja shuka, mwanamke mwenye kuaminika kwa dua zake. Alimweleza yote kwa kunong'ona, mvuke ukiwazunguka.

"Huyo jini hana mdomo, mwanangu," bibi alisema. "Anaazima wa mwenye upweke. Umemwambia nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu kabisa?"

Dobi aliangalia chini.

"Basi hilo ulilolificha ndilo pekee lililobaki lako. Mengine yote anayasema vizuri kuliko wewe. Mzuie binti asije. Jumamosi nikitoka zamu ya mchana nitakuja nisome dua pale."

Alipiga simu Alhamisi, akapiga Ijumaa. Kila mara aliambiwa namba inatumika. Alijaribu alfajiri, adhuhuri, jioni. Inatumika. Ndipo alipoelewa binti yake alikuwa akiongea na nani.

Jumamosi saa sita alishuka kwenda kuwangojea kituoni. Binti alikuwa amesema atafika saa saba, lakini yeye hakuweza kukaa na ule ukuta. Pale getini Kamanda alimshika mkono. Kofia alikuwa ameivua.

"Nilikuficha jambo," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyekaa chumba chako kabla yako naye alikuwa akiongea peke yake. Baadaye mkewe na watoto wakamfuata. Niliwafungulia geti kwa mkono wangu. Sikuwaona wakitoka, hata mmoja. Nilijiambia wamehama nikiwa nimelala. Vile viti vibovu vya kumi na nane ni vyao."

Dobi alienda mbio kituoni, akauliza kila basi, na mtu wa tiketi akamwambia basi la mji ule leo limewahi, abiria walishashuka. Aliporudi, jasho likimtiririka, Kamanda alimtazama kama anayetazama maiti.

"Binti yako amepanda sasa hivi, na mtoto mgongoni. Ulimwita kutoka dirishani. Mimi mwenyewe nimekusikia."

Dobi alipanda ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, harufu ya nguo zilizooza ikizidi kila hatua hadi ikawa nzito kama blanketi lililolowa usoni, na milango yote ya majirani imefungwa, redio hakuna, mtoto hakuna, mtu hakuna, ila sauti moja tu iliyokuwa ikimteremkia kutoka juu, sauti yake mwenyewe, lakini yenye upole ambao yeye hajawahi kuwa nao maishani, ikisema, "Ingia, Kifungo, mbona unasimama, ingia mwanangu, mlete mjukuu wangu nimbebe."

Mlango wa namba kumi na nane ulikuwa wazi. Binti alikuwa kizingitini, begi mkononi. Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe zilizopigwa pasi, na nyuma ya kitanda kiza ambacho jua la dirishani halikukigusa.

"Usiingie!" Dobi alipaza sauti. Ilitoka kali, kavu, kama siku ile alipomfukuza.

Binti aligeuka. Akamtazama baba aliye koridoni, akatazama kiza.

"Msikie," kiza kilisema kwa huzuni. "Msikie anavyokukaripia. Huyo siye baba yako. Mimi ndiye niliyekuomba msamaha."

Na ilikuwa kweli. Dobi aliona mguu wa binti yake ukisogea ndani.

"Mama yako alikuita," alisema. Pumzi zilimwishia. "Siku nne mfululizo. Alisema, 'Mpigie mtoto.' Nikamwambia nimepiga, hupokei. Sikupiga, mwanangu. Sikupiga hata mara moja. Nilikuwa na hasira kwamba umeolewa bila ridhaa yangu. Alikata roho akidhani hukutaka kuja. Hukuchelewa wewe. Ni mimi niliyekuchelewesha."

Kiza kikajaribu: "Mama yako... alikuita..." lakini sauti ilikwama, ikawa sauti ya mtoto, ya mwanamke, ya mzee, ya watu wengi waliofungiwa pamoja. Mtoto mgongoni alipiga yowe. Binti aliruka nyuma, na mlango ukajibamiza kwa kishindo kilichotikisa korido, kufuli likaning'inia mahali pake, na kutu yake.

Dobi alinyoosha mikono. Binti hakuikimbilia. Alimtazama kama mtu asiyejua ni yupi kati ya wale wawili aliyemtisha zaidi.

"Siku nne," alisema.

Akashuka ngazi. Dobi alisikia hatua zake hadi chini.

Jioni bibi alikuja akasoma, akanyunyiza maji, na Kamanda akaita fundi azibe mlango ule kwa matofali. Harufu ikaisha. Dobi aliendelea kupanda asubuhi wenzake wakishuka, akalala katika kimya ambacho sasa kilikuwa kimya kitupu, na kuna siku alikichukia kuliko alivyokuwa akiiogopa ile sauti.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, binti alibisha hodi. Alikuja peke yake. Aliketi upande wa pili wa meza, akakataa chai.

"Kwa simu sitaongea nawe tena," alisema. "Nitakuja. Nataka nikuone mdomo ukisogea. Haya, niambie siku ya kwanza alisemaje mama."

Dobi alianza kumweleza. Hakuficha kitu. Katikati ya maneno, ndani ya mkoba wa binti, simu ikaita. Binti aliitoa, akaiweka mezani kati yao, na wote wawili wakaona jina lililoandikwa: Baba.

Simu ya Dobi ilikuwa kitandani, imezimwa.

"Huwa inaita kila siku saa hizi," binti alinong'ona bila kuondoa macho usoni mwake. "Endelea, baba. Usinyamaze."