Wali Usio na Chumvi

Fundi Mudrick alikuwa amepachika milango Muscat, akatengeneza makabati Maputo, na kila alipokaa na watu Kibiti aliwakumbusha. Jioni ile watu hao hao walimkuta amefungiwa ndani ya karakana yake mwenyewe, na meza aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa amepima kila kitu. Mlango hakuupima.

Wabebaji waliilaza meza ubavu, miguu ikatangulia nje, uso wake ukanasa kwenye fremu. Haiendi, hairudi. Wabebaji wako nje. Yeye yuko ndani na kitambi chake, na uwazi uliobaki hata paka angesita.

"Sukuma, fundi!" muuza chapati alimpigia kelele. "Miguu imeshatoka!"

"Mzaliwa wa kwanza huyu, mama. Lazima asumbue."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye meza, Bwanaheri mfanyabiashara wa mbao, hakucheka. Kesho alikuwa anaoza binti yake, na meza hiyo ndiyo aliyotaka wakwe waikute. Akaenda kumtafuta Yassin mwashi aje avunje ukuta. Adhana ya magharibi ikalia, wabebaji wakaenda msikitini, watu wengine wakatawanyika.



Mudrick akakaa kwenye kigoda akaitazama kazi yake. Mbao za mkongo, nyekundu, zenye mafundo meusi yaliyozungushiwa mistari. Mbao za namna hiyo mafundi huzitupa. Bwanaheri aliona meza kama hiyo kwenye simu, akataka mafundo yote yaachwe. Sasa yalikuwa yamemwelekea Mudrick, kama watu walioketi mstari mmoja wakingoja kukaribishwa.

Sahani ya mchana, yenye wali kidogo uliobaki, ilikuwa sakafuni chini ya meza. Tangu aanze kazi ile alikuwa akila chakula chake juu ya mbao zenyewe, na kila siku wali uliisha kabla hajashiba. Akajilaumu kwa ulafi.

Ndipo akasikia.

Nyamu... nyamu...

Polepole. Kama kikongwe asiye na meno.

Panya, akajiambia. Lakini harufu iliyokuja haikuwa ya panya. Ilikuwa marashi, na udongo uliofukuliwa.

Akainama na tochi ya simu.

Sahani ilikuwa nyeupe. Imelambwa.

"Mudrick..."

Sauti ilitoka nje, kwenye ufa kati ya meza na fremu.

"Nani?"

"Mimi Tatu, wa Dimani. Usipige kelele."

Alimfahamu. Mama mtu mzima aliyekuwa akileta mchele sokoni. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Bwanaheri amekwambia mti huu kautoa wapi?"

"Kasema kaununua mnadani."

"Kaukata kwetu. Siku tuliyokwenda kumzika kaka yangu. Tumerudi na majonzi yetu, tumekuta kisiki na vumbi la msumeno." Akashusha pumzi. "Huo mti wazee wetu walikuwa wakiulisha. Kila mavuno, wali mweupe shinani. Usio na chumvi."

Mudrick aliitazama sahani.

"Bi Tatu... mimi nina presha. Daktari kanikataza chumvi."

Akasikia kicheko chembamba, kisicho na furaha.

"Kumbe wewe ndiye uliyeuamsha. Nilikuwa najiuliza nani kanisaidia." Kiganja kikapapasa mbao upande wa pili. "Usiogope, mwanangu. Umeulisha, haukugusi. Sogea tu pembeni. Uache uende unakotaka kwenda."

Akanong'ona maneno ya Kindengereko. Mudrick alishika moja tu. Njaa.

Mbao zikalia. Meza ikateleza kutoka mlangoni yenyewe, laini, kama ulimi unavyotoka kinywani.

Alipochungulia nje, meza ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Bi Tatu hayupo.

Bwanaheri alipofika na Yassin na nyundo, Mudrick alimvuta kando. "Bosi, irudishe Dimani. Usile juu ya hii meza, nakuomba."

"Yule bibi kaja kukutisha?" Bwanaheri akatabasamu. "Nilimshinda kesi ya mti kwenye baraza la kata. Atanishinda mezani?"

Harusini wageni walikula mikekani kama kawaida yao. Bwanaheri alikaa mezani peke yake, ili aonekane. Waliokuwa karibu walisema alimega tonge moja tu. Alipoinua macho, sinia lilikuwa tupu.

Baada ya hapo habari zikaanza kuvuma. Eti akila mkekani, anatapika. Akila hotelini, koo linafunga. Mezani tu ndipo chakula kinapita, na kingi hakimfikii.

Mudrick alikwenda kumjulia hali, akatamani asingekwenda. Shati lilimning'inia mgonjwa kama limetundikwa ukutani. Mikono yake, pale anapoiegemeza mezani, ilikuwa imekwanguka. Hakuna damu. Pakavu, kama mbao iliyopitishwa randa.

"Fundi," alinong'ona, "nasikia inatafuna..."

Mudrick aliyajua mafundo yale moja moja. Lile la pembeni, jekundu, kubwa kama kiganja, hakuwa amelikuta kwenye mbao.

Hakungoja chai. Alipanda bodaboda mpaka Dimani, akamkuta Bi Tatu uani akipepeta mchele. Safari hii hakuwa na utani hata mmoja.

"Bi Tatu, amekoma. Mwenyewe anakiri. Mifupa tupu yule! Nimekuja kumwombea. Hiyo meza itashiba lini?"

Bi Tatu akarusha ungo, akapuliza makapi, wala hakuinua macho.

"Akiisha."