Dirisha la Bafu la Tatu

Milunka na wifi yake Zorka walifanya usafi kwenye nyumba ya kuogea maji moto ya mji wetu. Maji hayo hutoka ardhini, na wagonjwa wa viungo huyapenda. Lakini huacha ukoko wa chokaa kwenye mabeseni ya kuogea. Ukoko huo hauogopi sabuni.

Asubuhi moja ya Februari wakaingia bafu la tatu. Zorka akafungua dirisha.

"Funga hilo," Milunka akasema. "Shingo yangu itakakamaa mpaka Pasaka."

"Hewa kidogo tu, wifi."

"Upepo ndio uliomuua mama yangu."

"Mama mkwe alikuwa na miaka tisini na tatu, wifi. Upepo unasingiziwa."

Lakini akafunga. Kwetu upepo wa kupenya chumbani unaogopwa kuliko mbwa mkali.

Milunka akamimina asidi ili ukoko ulainike. Zorka alitaka beseni ling'ae upesi, akaongeza klorini juu yake. Ndivyo walivyowakuta wenzao wakifanya.

Beseni likatoa povu. Harufu ikachoma macho. Zorka akakohoa, akakohoa tena, kisha akapiga magoti.

Milunka alimshika kwapani akamburuta hadi uani, kwenye theluji. Midomo ya Zorka ilikuwa ya buluu.

Msimamizi wao, Bwana Rados, akatoka na sigara mkononi. "Ni sigara zake hizo. Apumzike, mchana arudi kazini."

"Zorka havuti," Milunka akasema. "Anayevuta ni wewe. Ita gari la wagonjwa."

Zorka akalazwa. Jioni jirani yao Stanija, nesi wa hospitali ya mji, akapita kwa Milunka. Alikuta kahawa imepoa mezani haijaguswa.

"Atapona, lakini polepole," Stanija akasema. "Mlichanganya nini?"

"Asidi na klorini. Kila mtu huchanganya."

"Na mimi huwapokea wodini. Vikikutana hivyo viwili, hutoa gesi ya sumu. Huunguza mapafu. Nanyi mkaifungia ndani."

"Niliyesema dirisha lifungwe ni mimi."

"Basi sikiliza, dada. Miaka yangu yote pale sijampokea mtu aliyeuawa na upepo wa dirishani. Fungua dirisha kabla ya kufungua chupa. Ukitumia asidi, klorini isiguse beseni hilo siku hiyo. Usizichanganye kamwe. Harufu ikichoma, toka. Usirudi kuokoa ndoo."

"Na Rados anasema si ajali."

"Ni ajali ya kazini. Isipoandikwa hivyo, Zorka atajiuguza kwa mfuko wake."

Kesho yake Milunka alisimama mbele ya meza ya Bwana Rados. Nyuma yake walisimama wanawake wote wa usafi, mikono mitupu.

"Andika kwamba Zorka ameumia kazini," akasema.

"Milunka, unataka kazi au unataka vita?"

"Nataka wifi yangu apumue. Chupa zikae makabati mawili tofauti. Tupewe glavu na miwani ya kukinga macho. Mpaka hapo, hakuna beseni litakalosuguliwa."

Ukumbini wagonjwa walikuwa wameshajaa na taulo zao mabegani. Mzee mmoja akaanza kugonga sakafu kwa fimbo.

Bwana Rados akaandika. Glavu na miwani zilifika wiki hiyohiyo, pamoja na kabati la pili.

Zorka alirudi mwishoni mwa Machi. Bado alihema akipanda ngazi, lakini alizipanda. Nje theluji ya mwisho ilikuwa inaanguka.

Katika bafu la tatu, Milunka alijifunga skafu ya sufu shingoni, mizunguko miwili. Kisha akaenda dirishani akalifungua lote. Mlango nao akauacha wazi. Upepo ukapita katikati yao.

"Wifi, na shingo yako?" Zorka akauliza.

"Shingo ina skafu. Mapafu hayana. Haya, lete ndoo."