Kebo ya Chumba cha Nyuma

Karani hakutulia tangu asubuhi. Aliingia chumba cha nyuma, akatoka, akaingia tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama mkwe wake, aliyekuwa sebuleni akichambua maharage, alimtazama kwa jicho la pembe.

"Mwanangu, keti. Unanitia kizunguzungu."

"Nitaketije, mama? Saa nane ndiyo hiyo inakuja!"

Jina lake lilikuwa jingine, lakini nyumba nzima ilimwita Karani kwa sababu ya kazi yake. Watu walipofanya mkutano kwa kompyuta, kila mmoja akiwa kwake, yeye alisikiliza kutoka nyumbani na kuchapa yote yaliyosemwa, papo hapo. Mara mbili sasa mtandao ulikuwa umemkatikia katikati ya mkutano. Ofisi ilimwambia bila kumung'unya maneno: ukipotea tena leo, kazi tunampa mwingine. Aliipenda kazi hiyo. Kuikosa kwa sababu ya waya kulimuuma sana.

Na sasa kibodi nayo ilianza vituko. Aliandika "mwenyekiti", skrini ikaonyesha "mwnykti". Akaipiga kofi. Akaipindua, akaitikisa. Akazima kompyuta, akaiwasha, akachomoa hiki, akachomeka kile, mpaka hakujua tena amegusa nini.

Mumewe, fundi rangi, alikuwa mlangoni na ndoo zake.

"Si nilikuvutia kebo jana?" aliuliza.

"Kebo umeivuta. Mtandao haukuja nayo."

"Basi mwite Mama Pacha," alisema mume, akaondoka upesi kabla hajaongezewa jingine.

Mama Pacha alikuwa jirani yao. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja na kikombe cha chai mkononi na kebo fupi shingoni kama mkufu.

"Umebadilisha nini tangu asubuhi?" aliuliza.

"Kila kitu!"

Mama Pacha alicheka. "Hapo ndipo ulipojipoteza, jirani. Badilisha kitu kimoja, halafu jaribu. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa, ndipo ushike kingine. Ukigusa vitano kwa mpigo, hata mambo yakipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Haya, kibodi umeichomeka wapi?"

Karani alimwonyesha kigawanyio kidogo chenye matundu manne. Humo mlikuwa na kibodi, printa, simu inayochajiwa na kifeni cha mezani.

"Wote hawa wananyonya umeme wa tundu moja la kompyuta," alisema Mama Pacha. "Huenda kibodi inashinda njaa. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe."

Karani alifanya hivyo, akaandika tena. Herufi zote zilitokea.

"Kumbe makofi yale yote nimeionea bure!"

"Iombe radhi baadaye. Sasa mtandao."

Mama mkwe alikuwa amesogea mlangoni na ungo wake. "Hebu niambie, Mama Pacha. Simu zetu zinapata mtandao bila waya. Kebo ya nini?"

"Mama, mtandao wa hewani hupungua nguvu ukipita ukutani. Ruta yenu iko sebuleni." Aliinyooshea kidole. Ilikuwa kisanduku cheusi chenye taa ndogo, kinacholeta mtandao ndani ya nyumba. "Kati yake na chumba hiki kuna kuta mbili nene. Kebo haijali kuta."

Kisha akainama kando ya kompyuta. "Ona tundu hili la kebo. Lina taa, na taa imezima. Kebo ikiwa nzima na imechomekwa ncha zote mbili, taa huwaka. Sasa mbovu ni nani? Kompyuta, ruta au kebo?"

"Mimi nitajuaje?" Karani alikuwa anatazama saa.

"Kwa kujaribu. Ibebe kompyuta."

Waliipeleka sebuleni, wakaiunganisha na ruta kwa ile kebo fupi. Taa iliwaka papo hapo.

"Kompyuta nzima, ruta nzima," alisema Mama Pacha. "Amebaki mshtakiwa mmoja."

Waliifuata kebo ndefu kwa macho mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Fundi rangi alikuwa ameipitisha chini ya mlango, na kila mlango ulipofungwa uliibana. Mahali hapo ilikuwa bapa.

"Mwanangu huyu anajua rangi tu," alisema mama mkwe.

Waliirudisha kompyuta chumbani, na Mama Pacha akaleta kebo nyingine ndefu kutoka kwake. Waliipitisha juu ukutani, mbali na waya za umeme, wakaiingiza kwa kidirisha kilicho juu ya mlango. Kwenye kona hawakuikunja kwa nguvu, waliizungusha polepole. Waliishikiza ukutani kwa vibanio vidogo. Karani alisukuma ncha ya mwisho ndani ya tundu mpaka ikalia "tak". Taa ikawaka.

"Sasa zima mtandao wa hewani kwenye kompyuta yako, itumie kebo peke yake," alisema Mama Pacha, akaenda zake.

Saa nane mkutano ulianza. Vidole vya Karani vilikimbia, lakini roho ilikuwa mkononi. Kila mtu alipokohoa, alidhani ni mtandao unaaga. Mwenyekiti alizungumza, mtunza hazina akapinga, mabishano yakapamba moto. Hapo sauti zikakatika. Nyuso zote zikaganda kwenye skrini.

Mikono ya Karani ilitaka kuchomoa kila kilicho mezani. Alijikaza. Kitu kimoja, alijiambia. Alitazama taa ya kebo. Ilikuwa haijazima, ilikuwa inapepesa kama imeingiwa na wazimu. Basi kebo haikukatika. Alikimbia sebuleni.

Taa zote za ruta zilikuwa zinapepesa kwa pamoja. Kando yake alisimama mama mkwe na ufagio.

"Mama, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu! Nimefagia tu. Kile kiwaya kifupi kilikuwa kinaning'inia, nikakichomeka kwenye tundu tupu kisimkwaze mtu."

Kebo fupi ya Mama Pacha ilikuwa imetoka kwenye ruta na kurudi kwenye ruta ileile. Karani hakujua ubaya wake ni nini. Alijua tu kwamba hicho ndicho kitu pekee kilichobadilika. Hasira ilimpanda mpaka kooni, akaimeza. Alichomoa ncha moja. Taa zikatulia. Alirudi mbio.

"Karani, upo?" sauti ya mwenyekiti ilijaa chumbani.

"Nipo, mwenyekiti. Naomba mtunza hazina arudie kauli yake ya mwisho."

Mtunza hazina aliirudia, kwa ukali zaidi. Karani alichapa mpaka mwisho.

Baada ya kutuma kumbukumbu, alingoja jibu la ofisi huku akizunguka meza. Lilipofika alilisoma, akalisoma tena, akatoka na machozi machoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ruta, ufagio magotini. Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono mitupu.

"Nimefuata kebo yangu, nimekatazwa kusogea," alisema Mama Pacha. "Nimemweleza mama kutoka hapa hapa. Ukichomeka ncha zote mbili kwenye kisanduku kimoja, ujumbe hutoka tundu hili ukaingia lile, ukatoka tena. Unazunguka na kuongezeka mpaka njia inaziba kwa kila mtu."

"Nimeelewa," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana hagusi mtu. Mwanangu, wamesemaje?"

"Kazi ni yangu, mama. Mkutano ujao pia ni wangu."

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, kisha akainuka haraka na kumtia ufagio mkononi.

"Basi shika zamu. Nimebanwa na haja tangu ulipokuja hapa mbio."