Maiti Iliyopotea Njia

Agizo lilikuwa maneno matano: Nenda Bhaktapur, rudi na Devi.

Kapteni Nirjala Tamrakar wa jeshi la Nepal aliingia mjini asubuhi kama mtu aliyekuja kutembea na kurudi Patan, mji jirani, jioni. Kamera ya Nikon shingoni. Bastola ya Glock ndani ya mkoba wa lenzi.

Saa sita na dakika ishirini mchana, mpango uliharibika.

Kuhani mzee Asha Kaji Karmacharya ndiye pekee aliyeweza kumtofautisha Devi, sanamu ya shaba iliyoibwa hekaluni kwake, na nakala zake. Alikuwa amekubali kuingia nyumba ya wezi akijifanya mpatanishi, kipaza sauti kidogo cha redio kikiwa kimeshonwa kwenye ukosi wa shati. Sasa, kwenye kisikizi sikioni mwa Nirjala, mzee hakuwa akisema kitu. Zilisikika pumzi tu, nzito, za mtu aliyeleweshwa kwa dawa.

Asubuhi ile ile Nirjala alimwambia binti wa mzee, "Nitamrudisha kabla wali haujapoa." Alitamani kuumeza ulimi wake.

Simu ilitetemeka. Alikuwa mkuu wake, kwa majina yao ya siri.

"Nyota, hapa Kilele."

"Sema."

"Hilux nyeupe imetoka lango la mashariki. Ina kasha, Devi yumo. Ifuate."

"Na mzee?"

"Mzee alijua alichokubali. Ifuate, hiyo ni amri."

Nirjala alisimama kwenye kibanda cha mtindi chini ya hekalu la Nyatapola. Mji una vichochoro mia. Mzee sasa angekuwa amepelekwa katika kipi?

Watu walianza kupisha njia. Maiti ilikuwa inapita. Wanaume wanne walibeba jeneza la mianzi lililofunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa, na wawili wakafuata nyuma, mikono ndani ya makoti.

"Hawa nao wamerogwa?" aliuliza Tulsi Maya, mwenye kibanda.

"Kwani vipi, dada?"

"Wafu wa mtaa huu hawapiti hapa! Hushuka mtoni kwa njia ya wafinyanzi, tangu enzi za bibi zetu. Hata mlevi anajua."

"Labda ni wa mtaa mwingine."

"Basi wangepita njia ya mtaa wao. Nyie watu wa Patan mnafundishwa nini huko? Maiti hubebwa na guthi yake, chama chake cha mazishi. Mume wangu yumo kwenye guthi ya hapa. Mtu akifa huitwa hata kama yuko chooni. Na yule pale, bwege wangu, anacheza karata!"

Patan pia wana guthi. Nirjala alipaswa kuliona hilo kabla ya muuza mtindi, na aliona aibu.

Mbebaji mmoja alikohoa.

Kikohozi kile kile kililia ndani ya sikio la Nirjala.

Mzee alikuwa chini ya kile kitambaa. Yu hai. Na walikuwa wanampeleka mtoni, wafu wanakochomwa.

"Dada, muite mumeo. Waite wote. Waambie mtaa wao una maiti ya bandia."

Alikimbia.

Mbebaji aligeuka, akamwona, na jeneza likaanza kukimbia. Watu waliipisha maiti kwa heshima, kisha wakaziba njia mbele ya Nirjala. Angepiga risasi wapi? Kila upande palikuwa na mtoto wa mtu.

Alikata kushoto, kwenye uwanja wa wafinyanzi. Vyungu vibichi vilipasuka chini ya buti zake.

"Wee mwanamke! Macho umeyapeleka wapi?"

"Nisamehe, baba!"

Simu tena. "Nyota, uko nyuma ya Hilux?"

"Hapana."

"Nimesema ni amri!"

"Nimeisikia."

Alikata simu.

Mtoni, kuni zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi. Mzee amelazwa juu yake, uso wazi. Moto wa maiti huanzia mdomoni. Mtu mmoja alikuwa ameinama na kijinga kinachowaka, shibiri moja tu kutoka kwenye midomo ya mzee.

Nirjala hakuwa na pumzi ya kupiga kelele.

Glock ililia mara moja. Kijinga kilianguka mtoni pamoja na vidole viwili.

Wenye makoti walitoa bastola. Wakasita. Ngazi zote zilikuwa zimejaa wanaume wa guthi, arobaini au zaidi, wengine bado wameshika karata.

"Nani amekufa kwenye mtaa wetu bila sisi kuambiwa?" alinguruma mume wa Tulsi Maya.

Bastola zilidondoka moja moja.

Nirjala alimkumbatia mzee na kumshusha. Alikuwa analia na hakujificha. Kisha akaona, kwenye jeneza tupu kando ya kuni, pale mgongo wa mzee ulipokuwa umelala, furushi la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na uso wa shaba wa Devi.

Hilux ilikuwa chambo. Nani angepekua sanda?

Mzee alifumbua macho, akaliona furushi.

"Ulijua yuko chini yangu?"

"Sikujua, babu."

"Walikwambia yuko wapi?"

"Kwenye gari, lango la mashariki."

Mzee alimshika mkono.

"Na ukaja huku."

Nirjala aliwageukia wanaume wa guthi.

"Mrudisheni kwa bintiye. Mbebeni akiwa amekaa."

Akapanda ngazi, Devi kwapani, kwenda kituo cha basi la Patan. Simu ililia. Aliiacha ilie.