Sifuri ya Dada Sanduku

Saa mbili asubuhi, katika uchochoro wa wauza vioo, watu hupishana kwa mabega. Mchukuzi mmoja alikuwa amebeba kioo cha dirisha begani. Akakanyaga maji ya sabuni, akateleza, kioo kikapasuka na mkono wake ukachanika kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Watu wakafanya kile ambacho watu hufanya siku zote: wakamzunguka, wakashika vichwa, wengine wakatoa simu wapige picha.

Mwanamke mwenye gauni la njano na mkoba mwekundu kiunoni alipita katikati yao akisema "nipisheni" kwa sauti ya mtu aliyezoea kupishwa. Akapiga magoti.

"Kaka, mimi nimefunzwa huduma ya kwanza. Unaniruhusu nikusaidie?"

Mchukuzi akaitikia kwa kichwa. Mwanamke akavaa glavu za mpira, akaweka shashi juu ya jeraha, kisha akainua macho.

"Wewe mwenye shati jeupe. Njoo ubonyeze hapa."

"Mimi? Dada, nawahi usaili wa kazi."

"Basi utachelewa. Vaa hizi glavu. Bonyeza kwa nguvu, na usichungulie chungulie."

Kijana akabonyeza. Shati alilopiga pasi mara tatu asubuhi ile likapata damu kifuani na kwenye mikono, naye hata hakuliangalia. Alikuwa anaangalia vidole vya yule mwanamke, vinavyofunga bendeji bila kutetemeka, na tone la jasho lililokaa juu ya pua yake. Gari la wagonjwa lilipokuja na kuondoka, akageuka amwulize jina. Gauni la njano lilikuwa limeshapotelea kwenye watu.

Alifika kwenye usaili, kiwanda cha fanicha, amechelewa dakika arobaini. Meneja alimtazama kifuani.

"Umetoka kuchinja?"

Akaeleza kila kitu. Meneja akaweka kalamu chini.

"Huyo mwanamke alikuwa na mkoba mwekundu? Amekuambia usichungulie chungulie?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni mtunza stoo wangu. Leo yuko likizo na bado anafanya kazi. Unaanza Jumatatu."

Hivyo ndivyo kijana yule, fundi wa mashine ya randa, alivyopata kazi, na jina pia, kwani tangu siku hiyo kiwanda kizima kilimwita Shati. Yule mwanamke walimwita Dada Sanduku, kwa sababu ya sanduku la huduma ya kwanza lililotundikwa kando ya mlango wa stoo. Kufuli lake alikuwa ameling'oa mwenyewe na kulitupa, akisema damu haina subira ya kungoja mtu atafute ufunguo. Kila Ijumaa alihesabu plasta, akakagua tarehe za dawa, akapanga upya bendeji. Alikuwa na sababu. Baba yake, seremala, alijichoma patasi mguuni kazini, akanyamaza ili asiwatie watu wa nyumbani wasiwasi. Walimzika siku ya tisa.

Juu ya sanduku kulikuwa na ubao: SIKU BILA AJALI. Sheria ya kiwanda ilikuwa moja: mtu akitokwa damu kazini, hata tone, anaandikwa kwenye daftari na ubao unarudi sifuri. Kila asubuhi Dada Sanduku alipanda kiti, akaongeza siku moja kwa chaki. Zikifika mia tatu sitini na tano, makao makuu wangeleta ngao na kumfanya msimamizi wa usalama wa viwanda vyote vinne. Mama yake alikwisha kuwaambia majirani. Gauni la siku hiyo lilikuwa limeshashonwa.

Shati alianza kazi ubao ukisoma mia moja na arobaini. Ulipofika mia mbili, hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu kuhusu hao wawili.

"Shati, umevaa miwani ya kukinga macho?"

"Nimevaa. Ila inanizuia kukuona vizuri."

"Iangalie mashine vizuri. Mimi sina meno."

"Unayo. Meneja kanionya."

Jioni walipigiana simu mpaka sikio likawaka moto. Jumapili walikwenda mlimani na kikundi cha matembezi cha kiwanda, Dada Sanduku na mkoba wake mwekundu mbele, Shati nyuma amebeba maji ya watu sita kama adhabu ya kusahau kofia.

"Nikianguka hapa utanifanya nini?" aliuliza Shati.

"Nitakuuliza kama unaniruhusu nikusaidie."

"Na nikikataa?"

"Nitakaa pembeni nisubiri uzimie. Ukishazimia hakuna wa kukuuliza."

Nani asingempenda mwanamke wa namna hiyo? Shati alimpenda, tena vibaya, na mapenzi hayo ndiyo yaliyompa ujinga ninaoutaja sasa. Siku ya mia tatu hamsini na nane, akipanga mbao kuukuu, msumari wenye kutu ulimzama kwenye kiganja cha kushoto. Damu ikatoka. Shati akatazama ubao, akaona zimebaki siku saba. Akaung'oa msumari kwa koleo, akafunga kitambaa, akavaa glavu ya kazi juu yake na kunyamaza.

Siku ya tatu mkono ulikuwa unapiga kama moyo wa pili. Jumamosi jioni simu ikalia.

"Mpenzi, kesho saa ngapi tunaondoka kwenda mlimani?"

"Kesho siwezi, Sanduku wangu. Nimechoka."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema wazi kabisa, "Lete huo mkono, usinifanye nikubembeleze."

"Shati. Nani huyo?"

"Hiyo... televisheni."

"Televisheni inataka mkono wako?"

Simu ikakatwa. Aliyesema ni dada mkubwa wa Shati, aliyekuja na beseni la maji ya chumvi na matusi ya kutosha. Lakini Shati angemtaja dada, angeulizwa habari za mkono, na angeulizwa habari za mkono, ubao ungerudi sifuri.

Jumatatu, siku ya mia tatu sitini na tatu, Dada Sanduku alimwona kantini akila huku mkono wa kushoto uko mfukoni, na glavu bado umevaa. Kwa hesabu zake, mwanamume hafichi mkono wa kushoto bure: huko kuna pete. Akaacha sahani yake, akamfuata mpaka kwenye mashine.

"Zima. Vua glavu."

"Nina kazi, Sanduku."

"Vua nimwone huyo mke wako."

"Mke gani tena?"

"Wa kwenye televisheni."

Shati akavua, taratibu, akiuma meno. Hakukuwa na pete ambayo ingepita kwenye kidole kile. Kiganja kilikuwa kimevimba na kung'aa, na mstari mwekundu ulipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko. Wivu wote ukamtoka Dada Sanduku, ikabaki hofu tupu. Aliujua mstari ule. Aliwahi kuuona kwenye mguu wa baba yake.

"Nimefunzwa huduma ya kwanza," alisema. "Unaniruhusu nikusaidie?"

"Bado siku mbili tu, mpenzi. Nilitaka uzifikishe."

"Nimekuuliza swali."

"Naruhusu."

Akamsafisha, akamfunga, akautundika mkono kwa kitambaa cha pembetatu. Kwenye teksi ya kwenda hospitali hakumtazama.

"Ulidhani nampenda nani, wewe au ubao?"

"Nilijua unavyouhangaikia."

"Baba alificha kidonda kwa sababu alitupenda. Kama wewe hivyo hivyo. Sitaki kupendwa hivyo tena."

Daktari alimchoma sindano ya pepopunda, akapasua na kusafisha, akamlaza. "Mngekuja keshokutwa," alisema, "tungekuwa tunazungumza mambo ya kukata."

Alasiri Dada Sanduku alirudi kiwandani, akachukua kifutio. Meneja akamwahi.

"Wageni wameshaalikwa. Msumari ungeweza kumchoma nyumbani kwake."

"Ungeweza. Ila ulimchoma hapa."

"Na ngao yako? Na cheo?"

"Mzee, nipishe."

Akapanda kiti mbele ya mafundi wote, akafuta 363, akaandika sifuri. Mashine zilikuwa zimezimwa. Kisha fundi wa msasa, mtu mzima mwenye wajukuu, akasogea na kukunja suruali.

"Dada, na mimi nina kidonda hapa. Cha mwezi jana."

Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine. Mpaka saa ya kutoka alikuwa ameosha na kufunga vidonda kumi na kimoja, vyote vilivyofichwa ili namba yake ipande. Zile mia tatu na ushee alizojivunia hazikuwa za kweli hata siku moja. Alilia kidogo stoo, kati ya makopo ya vanishi, kisha akanawa uso na kuandika vyote kumi na kimoja kwenye daftari.

Wageni walipokuja ubao ulisoma 2. Dada Sanduku alisimama chini yake amevaa gauni lile lile lililoshonwa kwa ajili ya ngao, la kijani, limembana kiuno vizuri, akawaeleza bila kuinamisha kichwa. Ngao ilikwenda kiwanda kingine, na cheo kikaenda nayo.

"Nimewaambia majirani umepata sifuri," alisema mama yake jioni.

"Mama, jamani."

"Nimewaambia ni ya halali. Wanangoja kuja kukupongeza."

Shati alirudi kazini baada ya wiki mbili. Aliomba msamaha kwa simu, kwa barua, na mara moja kupitia kwa meneja. Hakupata jibu. Akajiandikisha kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza aliyofundisha Dada Sanduku kila Jumatano, naye akamwita "mshiriki namba tisa" kana kwamba hawajawahi kukutana. Namba tisa hakukosa hata siku moja. Alifunga bendeji kwenye miguu ya meza nyumbani mpaka dada yake akamwuliza kama meza itapona.

Ikaja Jumapili ya matembezi. Dada Sanduku alitangulia, akapanda mbio kama anadaiwa huko juu, kwa sababu alisikia hatua za nani ziko nyuma yake. Jiwe likabingirika chini ya kiatu, mguu ukapinda, akakaa chini na kuuma mdomo. Shati alifika wa kwanza, akapiga magoti, akashusha mkoba wake wa huduma ya kwanza.

"Dada, mimi nimefunzwa huduma ya kwanza. Unaniruhusu nikusaidie?"

"Naruhusu. Nione kama ulikuwa unasikiliza."

Akamwambia asisimame. Akamwuliza kama anahisi vidole, kama anaweza kuvisogeza. Akalowesha kitambaa kwa maji ya baridi, akaweka, akafunga bendeji kuzunguka kifundo bila kukaza kupita kiasi, akauinua mguu juu ya mkoba. Mikono yake haikutetemeka. Kwenye kiganja cha kushoto kovu lilikuwa limelala, la waridi, limepona vizuri. Dada Sanduku aliliona kovu lile, akajivunia, na hakujua kama anajivunia kazi yake au mwanamume mwenyewe.

Shati akatoa daftari dogo na kalamu.

"Jeraha: kifundo cha mguu wa kulia. Sababu?"

"Jiwe."

"Sababu ya kweli, Sanduku. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikuwa nakukimbia."

Akaandika, pole pole. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisimama nitakusamehe."

Kalamu ikasimama. Wenzao walikuwa wameshafika, wanahema, ila kila mmoja ghafla akapata kitu cha kuangalia upande wa bondeni.

"Basi naomba ruhusa ya pili," alisema Shati. "Unaniruhusu nikuoe? Sitakuficha kitu. Hata nikikwaruzwa na ukucha wangu mwenyewe, utaambiwa wa kwanza."

"Hata ikiwa zimebaki siku mbili?"

"Hata ikiwa zimebaki saa mbili."

"Naruhusu," alisema Dada Sanduku, machozi yakamtoka mbele za watu wala hakuyafuta. "Andika na hiyo."

Jumatatu asubuhi aliingia kiwandani akichechemea, amejitundika kwenye bega la Shati. Ubao ulisoma 6. Tangu watu waanze kusema ukweli haukuwahi kuvuka kumi na mbili, na hakuna aliyelala hospitali tena. Meneja alipomwona akiomba kifutio, akacheka.

"Mlima si kiwanda, mama. Na hujatokwa damu hata tone."

"Matembezi ni ya kiwanda, na kifundo ni cha mfanyakazi. Namba hii naitaka iwe safi."

Shati akashika kiti kwa mikono yote miwili. Dada Sanduku akapanda kwa mguu mmoja, akafuta 6, na mbele ya mafundi wote, kichwa juu, akaandika sifuri kubwa kuliko zote alizowahi kuandika.