Pumzi za Bibi wa Kalinzi

Kila asubuhi Bibiana alimsaidia mama yake kuanika dagaa, kisha akajifungia chumbani na madaftari yake ya biolojia. Walikuwa wamehamia Rusimbi kutoka Singida mwaka uliopita, mama akifuata biashara, na huku ugenini kwa Waha binti alikuwa na ndoto moja tu: uuguzi. Leo mama alianika dagaa peke yake, maana Bibiana alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo! Alipiga pasi sketi yake mara mbili, na chai akaisahau mezani kwa furaha.

Jirani yao, Bi Veneranda, alimsindikiza hadi barabarani akimkumbusha adabu za Waha: salamu haikatishwi. Mtu mzima akikusalimu, unapiga makofi taratibu na kumjibu mpaka amalize habari za nyumbani, za watoto na za shamba.

Chuoni waliitwa mmoja mmoja. Kazi ilikuwa kumtazama mgonjwa kifuani na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Dotto, kijana aliyetangulia, alitoka akicheka.

“Yule bibi anasalimia huyo!” alimnong'oneza Bibiana. “Ukipotea hesabu, andika kumi na nane. Nani atajua?”

Ndani alikuwapo mkufunzi, Mwalimu Rozalia, pamoja na bibi mmoja wa Kalinzi aliyekuja kutibiwa kifua katika hospitali ya chuo. Bibiana alianza kuhesabu. Hajafika mbali, bibi akatabasamu, akamsalimu kwa Kiha.

“Mwakeye, mwanangu.”

Lo, kazi ipo! Mikono ya Bibiana ilijipigia makofi yenyewe. Akajibu, akaulizwa habari za mama, akajibu tena. Salamu zilipokwisha, dakika nayo ilikuwa imekwisha, na hesabu haikujulikana ilikoishia. Mwalimu alikuwa anangoja jibu. Kumi na nane ilimjia Bibiana hadi ncha ya ulimi. Akikosa nafasi hii, angengoja mwaka mwingine mzima, na nani angemhakikishia kuwa ataitwa tena?

“Mwalimu, nimepoteza hesabu,” alisema. “Naomba nianze upya.”

Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Bibi alikuwa ametulia sasa. Bibiana akahesabu tena, akapata ishirini na nane.

Mchana majina yalisomwa. La Bibiana lilikuwamo. La Dotto halikusikika. Bibiana aliruka, akamkumbatia msichana asiyemjua, kisha akampigia mama simu akabaki kucheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu Rozalia akawakusanya wote, waliopata na waliokosa, bibi akiwa ameketi kando yake.

“Wengi wenu mliandika kumi na nane, kama mtu mzima wa afya,” alisema kwa upole. “Bibi huyu ana nimonia. Kwa namba zenu tungemrudisha nyumbani akafe. Kupotea hesabu si kosa, wanangu, hata mimi hupotea. Kosa ni kubuni. Anayekiri kuwa amepotea na kuanza upya, huyo ndiye ninayeweza kumwachia mgonjwa.”

Akamgeukia Bibiana.

“Haya, muuguzi, mshike bibi mkono. Mpeleke wodini.”