Chuma Ainua Mkono

Alikuwa fundi wa mbao, lakini watu wote walimwita Chuma. Jina hilo alilipata ujanani. Msumari ulimwingia kiganjani, akauchomoa kwa koleo, akafunga kitambaa, akaendelea kupiga randa. Hakusema hata "ah". Tangu siku hiyo jina likamganda, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na mama yake.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na meza ndefu, msumeno wa mashine, na vumbi la mbao lililofika mpaka kwenye sufuria za mkewe. Msumeno ukiwashwa, hakuna anayesikia neno. Kwa hiyo Chuma aliweka sheria moja. Mtu yeyote akiinua mkono juu, kiganja wazi, mashine inazimwa papo hapo. Hakuna kuuliza kwa nini.

"Vidole si kucha, havioti tena," alipenda kumwambia msaidizi wake.

Msaidizi huyo aliitwa Kobe. Alikuwa mtu mzima mwenye familia yake, mkimya, na polepole kupita kiasi. Akipiga msasa kiti kimoja, mwingine angemaliza vitatu. Lakini kiti cha Kobe hakikuwahi kuchana nguo ya mtu.

Asubuhi moja Chuma alitoka chooni kimya. Kwa kawaida alitoka akiimba, tena vibaya. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akiwafunga watoto vifungo vya mashati ya shule.

"Leo redio imeharibika?" akamtania.

"Nimechoka tu."

Hakuwa amechoka. Alikuwa ameona damu kwenye choo, na haikuwa mara ya kwanza. Kaka yake mkubwa naye aliona damu kama hiyo. Kaka alisema ni bawasiri, akanyamaza. Alipofika hospitali, uvimbe wa utumbo ulikuwa umeshaenea. Chuma ndiye aliyetengeneza jeneza lake, kwenye meza ileile ndefu. Hofu ilimshika, na hofu ndiyo iliyompeleka kwa daktari.

"Inaweza kuwa bawasiri tu," daktari alimwambia. "Lakini kaka yako aliugua, kwa hiyo hatubahatishi. Tutaangalia utumbo mpana kwa kamera. Kamera iko kwenye mpira mwembamba, laini. Tunaiingiza kwa njia ya haja kubwa."

Mtu aitwaye Chuma atawaambia nini watu? Akakata kauli: hamwambii mtu. Jirani yao mmoja alikuwa nesi wa chumba hichohicho cha kamera, shoga mkubwa wa Mama Pacha. Chuma akavizia mpaka nesi huyo alipokwenda likizo, ndipo akapanga siku.

Siku moja kabla ya kipimo alipaswa kuacha chakula na kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Alimwambia mkewe kwamba amekula kitu kibaya mjini. Mama Pacha akamhurumia, akampikia uji. Chuma akaumwaga nyuma ya rundo la mbao. Kulipokucha akaaga: "Nakwenda kununua mbao."

Hospitalini nesi wa zamu alimuuliza, "Ungependa sindano ya kutuliza na kusinzisha? Umekuja na nani wa kukurudisha nyumbani?"

"Nimekuja peke yangu. Na mchana nina kazi kwenye msumeno."

"Basi leo sindano hiyo haiwezekani. Tunaweza kukupangia siku nyingine, uje na mtu."

"Hakuna haja. Mimi naitwa Chuma."

Akapanda kitandani, akalala ubavu. Mwanzoni ilikuwa afadhali. Kisha tumbo likaanza kujaa, likakaza, maumivu yakapanda mpaka kwenye mbavu. Jasho likamtoka. Daktari akauliza, "Unaumia?" Chuma akatikisa kichwa: hapana. Akaingiza mkono mdomoni, akaung'ata pamoja na shati. Daktari akaamini alichoambiwa, akaendelea. Kamera ilipofika kwenye kona, mwili wa Chuma uliruka wenyewe. Nusura aanguke chini.

Daktari akatoa kamera yote. "Siwezi kuendelea hivi, nitakuumiza. Tumeona nusu tu. Ile nusu nyingine hatujui kuna nini."

Chuma alirudi nyumbani ameinama, bila hata ubao mmoja. Mama Pacha alimtazama mara moja tu.

"Mbao ziko wapi?"

Chuma akamweleza yote, kwa kifupi. Mama Pacha alikaa chini.

"Kwa hiyo ule uji wangu uliwanywesha mchwa. Na sasa unarudi lini kumalizia?"

"Sirudi. Heri nife."

Neno hilo lilimchoma Mama Pacha. Akalia, kisha akakasirika huku analia. "Ufe? Na jeneza lako atatengeneza nani? Kobe? Si tutakuzika mwakani!"

Kobe, aliyekuwa mlangoni na msasa wake, akajifanya hajasikia. Chuma hakucheka. Kwa siku kadhaa alikula kidogo na kuongea kidogo. Damu iliendelea. Kila alipotoka chooni, mkewe alimwangalia usoni, naye aliangalia pembeni.

Ndipo yule nesi jirani akarudi kutoka likizo. Alikuja karakana kuchukua rafu yake ya vyombo. Msumeno ulikuwa ukinguruma. Aliita, hakusikika. Akainua mkono juu, kiganja wazi, kama alivyowaona mafundi wakifanya. Chuma alikuwa amempa mgongo nusu, lakini aliona ule mkono kwa pembe ya jicho. Kufumba na kufumbua mashine ikazimika.

"Shemeji! Kumbe ni wewe," akasema.

"Ndiyo mimi. Rafu yangu imekauka rangi?"

Mama Pacha akatokea na ufagio mkononi. "Rafu imekauka. Lakini shemeji yako ana neno la kukuambia. Akikataa, nitasema mimi."

Chuma alimtolea mkewe macho. Haikusaidia. Akaeleza, mwanzoni kwa kunung'unika, halafu kwa kirefu. Nesi hakucheka, ila Chuma alipofika kwenye habari ya kuvizia likizo.

"Shemeji, mimi siri za wagonjwa sizitoi hata kwa mume wangu," akasema. "Sasa nisikilize. Utumbo una kona. Daktari anaingiza hewa kidogo ili utumbo ufunguke aone njia. Hewa na kona ndizo zinazouma. Mwingine anahisi gesi tu. Mwingine anaumia kama ulivyoumia wewe. Huo si woga. Matumbo hayafanani."

"Kwa hiyo nitaumia tena vilevile."

"Nani kasema? Kuna njia za kuchagua. Wapo wanaofanya bila dawa, wakamaliza vizuri, wakaenda zao kazini. Wapo wanaovuta hewa ya kupunguza maumivu kwa mdomo, na hiyo inaisha upesi. Ipo sindano ya mshipani, dawa ya maumivu pamoja na ya kusinzisha. Mwili unalegea, unasinzia, lakini ukiambiwa geuka unasikia. Wengi baadaye hawakumbuki kitu. Na upo usingizi mzito, unaosimamiwa na mtaalamu wa usingizi. Huo si kila hospitali inao, na si kila mtu unamfaa."

"Ipi ndiyo bora?"

"Hakuna iliyo bora kwa wote. Unakaa na daktari, mnachagua pamoja. Mwambie kwamba mara ya kwanza uliumia sana. Mwambie dawa zote unazotumia. Kama una ugonjwa wa moyo au wa pumzi, mwambie. Kama unakoroma mpaka pumzi inakata, mwambie pia."

"Anakoroma kuushinda huo msumeno," Mama Pacha akadakia.

"Lakini habari ya kurudishwa nyumbani ndiyo nisiyoielewa," Chuma akasema. "Mimi ni mtoto?"

"Dawa ya sindano inatoka mwilini polepole, shemeji. Unajiona mzima, kumbe akili bado inasinzia. Mpaka kesho yake huendeshi gari, hutii saini karatasi yoyote, na hugusi msumeno."

Chuma aliangalia vidole vyake, vyote kumi. Hapo alielewa.

Nesi akachukua rafu yake, kisha akaiweka chini tena. "Kuna jambo bado linanisumbua. Nilipoinua mkono hapa, ulizima mashine kabla hata hujajua ni nani. Kule kitandani daktari alikuuliza kama unaumia. Mkono wako ulikuwa wapi?"

Kobe aliacha kupiga msasa.

"Nilikuwa nimeung'ata," Chuma akasema.

Mama Pacha alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamshika mumewe bega lenye vumbi. "Baba Pacha, sheria ni yako mwenyewe. Ifuate."

Siku ya kipimo cha pili walikwenda wawili. Safari hii Chuma aliacha chakula na kunywa dawa ya kusafisha tumbo bila kujificha, na choo kilikuwa chake peke yake usiku kucha. Mama Pacha alifunga karakana, akautia ufunguo kifuani mwake, mahali ambapo hakuna fundi angethubutu kuutafuta mbele ya watu.

Chuma alimweleza daktari kila kitu, pamoja na kukoroma. Wakakubaliana sindano ya kutuliza na kusinzisha, na kwamba pumzi yake itaangaliwa muda wote.

"Na jambo moja, daktari," Chuma akasema. "Mimi nikiinua mkono, kiganja wazi, unasimama."

"Nasimama," daktari akajibu. "Hata hilo tungelifanya mara ya kwanza. Ungeonyesha tu."

Zamu hiyo nesi jirani alikuwepo. Alimwekea kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, akamchoma sindano. Dunia ikawa laini. Chuma alisikia sauti kwa mbali. Tumbo lilijaa kidogo, si neno. Kisha kamera ikafika kwenye kona ileile, na maumivu yakachungulia.

Mkono ukapanda juu, kiganja wazi.

Kila kitu kikasimama. Daktari akapunguza hewa. Wakamgeuza alale chali. Nesi akamkandamiza tumbo kwa kiganja, taratibu, na dawa ikaongezwa kidogo. "Sasa?" daktari akauliza. Mkono ukashuka wenyewe.

Kamera ikapita kona. Ikafika mwisho kabisa wa utumbo mpana. Na mbele kidogo tu ya ile kona, mahali ambapo mara ya kwanza hawakufika, kilikuwepo kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo. Kilikuwa kikivuja damu. Daktari akakikata kwa waya mwembamba, akakitoa kipelekwe maabara. Chuma hakuhisi chochote.

Alipozinduka alimwona mkewe. "Mama Pacha," akasema kwa ulimi mzito, "wewe ni ubao usio na fundo hata moja. Na kitanda hiki kina mguu mfupi, nileteeni randa." Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mpaka leo Chuma anakana kwamba alisema hayo, na mpaka leo mkewe anayarudia mbele ya wageni.

Kabla hawajaondoka, daktari aliwaambia: "Akipata maumivu makali ya tumbo, homa, au damu nyingi, mrudi mara moja hata kama ni usiku. Gesi kidogo ni kawaida."

Siku ile Chuma alilala mpaka jioni. Aliamka akaulizia ufunguo. Mama Pacha akamwambia ufunguo uko likizo.

Majibu ya maabara yalipotoka, waliyapokea wamekaa bega kwa bega. "Si saratani," daktari akasema. "Lakini ni kinyama cha aina ambayo ikiachwa miaka inaweza kugeuka kuwa saratani. Sasa hakipo. Utarudi tukuangalie tena kwa tarehe nitakayokupa. Na ndugu zako waliobaki wawaeleze madaktari wao habari hizi."

Mama Pacha alipiga kigelegele humohumo ndani ya hospitali. Chuma aliona aibu kidogo, kisha furaha ikamzidi, akafuta machozi mbele ya watu wote. Nje alimwambia mkewe, "Kaka angeinua mkono mapema, angekuwa hapa." Wakatembea hadi nyumbani wameshikana.

Kesho yake asubuhi redio ya chooni ilirudi hewani. Pacha waliziba masikio. Mama yao aliacha mlango wazi ili asikie vizuri.

Karakana nayo ikarudi kazini. Siku hiyo msumeno ulikuwa ukila mbao za madawati ya shule. Katikati ya kelele, Chuma akaona mkono juu, kiganja wazi. Akazima mashine.

Alikuwa Kobe. Ubao wake ulikuwa sawa. Vidole vyake vilikuwa sawa. Alisimama tu, mkono bado uko juu.

"Fundi," akasema polepole, kama afanyavyo kila kitu. "Mimi pia naona damu. Tangu mwaka jana."

Chuma hakumuuliza kwa nini alinyamaza. Alivua aproni, akafunga karakana, akamshika Kobe mkono.

Siku ya kipimo ilipofika, Kobe alikaa mbele ya nesi, amechagua sindano ya kusinzisha. Alikuwa na hofu, na alisema wazi kwamba ana hofu.

"Vizuri," nesi akasema. Akainua uso, akawatazama watu waliokaa kwenye benchi. "Na nani atamrudisha huyu nyumbani?"

Chuma akainua mkono.